Mapya Mbele, Vipara Nyuma: Kosa Lililoiponza Noah ya Mgeta

Wanaopita njia ya Sangasanga, Mlali, Langali hadi Nyandira hawahitaji kuelekezwa ni kona ipi wala ni Noah ipi. Wengi walikuwapo, na ambao hawakuwapo wameshasimuliwa. Mvua ya masika imekatika muda si mrefu, gari linashuka na abiria na matenga ya karoti, dereva yuko gia ya pili, mwendo wa kawaida kabisa, mara mkia unataka kutangulia mbele ya pua. Salama yao ni kwamba gari lilikwenda upande wa ngema. Bampa likapinda, taa ya nyuma ikapasuka, abiria wakashuka wanatetemeka lakini wazima. Upande wa pili wa kona ile hakuna ngema, kuna korongo.

Kijiweni lawama zimeshagawanywa. Wapo wanaosema utelezi, wapo wanaosema mzigo, na wapo waliomtwisha dereva kwa sababu ni kijana. Utelezi ulikuwapo, mzigo ulikuwapo, na dereva kweli ni kijana, lakini gari hilohilo limeshuka kona hiyohiyo masika yaliyopita likiwa na mzigo kama ule na halikuzunguka. Kilichobadilika ni kimoja. Siku chache kabla ya ajali, Morogoro mjini, mwenye gari alinunua matairi mawili mapya akaagiza yafungwe mbele. Hapo ndipo Noah ile ilipoangushwa.

Kazi nyingine ya fundi siku ile haina lawama: vali mpya, balansi imepimwa, nati zimekazwa kwa kupishana.

Sasa turudi kwenye agizo lenyewe, kwa sababu linatolewa katika mabanda ya matairi kila Februari na Machi na karibu hakuna anayelipinga. Hoja ya mwenye gari inajulikana. Usukani uko mbele. Breki zenye nguvu ziko mbele. Tairi la mbele likipasuka dereva anahisi mikononi papo hapo, na hofu ya kupasukiwa mbele ni hofu ya kweli. Basi mtu akiwa na fedha ya matairi mawili, anaona akili inamwambia ayapeleke anakokuona, kule kwenye usukani, na nyuma abaki na yaliyopo, maana nyuma kunafuata tu.

Hapo kwenye "kunafuata tu" ndipo penye hitilafu. Nyuma hakufuati. Nyuma kunalishikilia gari lisizunguke, na kazi hiyo inafanyika kimya muda wote, ndiyo maana haionekani mpaka iache kufanyika.

Kila tairi linagusa ardhi kwa eneo linalokaribia kiganja cha mtu mzima. Viganja vinne hivyo ndivyo vinavyobeba kila kitu: kuvuta, kuzuia, kukata kona. Kwenye kona yenye tope, viganja vya mbele vikiachia kwanza, pua inagoma kukata na gari linanyoosha. Dereva yeyote, hata aliyepata leseni juzi, ataachia mafuta bila kufundishwa. Akiachia, uzito unahamia mbele, matairi ya mbele yanakandamizwa, yanauma ardhi tena, usukani unarudi. Gari limemsamehe. Vikiachia vya nyuma kwanza, mguu uleule unaoachia mafuta ndio unaomaliza kazi: uzito unahamia mbele, nyuma kunazidi kuwa kwepesi, mkia unaongeza kasi ya kukimbia. Kuliokoa gari lililofika hapo kunataka kukata usukani kuelekea mkia unakokwenda, upesi, kwa kipimo, na kuurudisha kabla gari halijapinduka upande wa pili. Dereva wa Noah ile alikata usukani sawasawa. Nafasi ndiyo haikumtosha.

Kuna la pili, na hili kijiweni wamelipita kabisa. Noah ile ni SR40, ile ya zamani yenye injini chini ya viti vya mbele na nguvu inayokwenda matairi ya nyuma. Kushuka kutoka Nyandira kwa gia ya pili ni sahihi. Mlima ule ukishushwa kwa breki tupu breki zinachemka kabla ya Mlali. Lakini gia inapolizuia gari la aina hiyo, inayazuia matairi ya nyuma peke yake. Yale mawili mabovu yakapewa kazi mbili kwa mkupuo: kulizuia gari zima lisikimbie mteremkoni na kushika kona. Tairi lina mshiko wa kiasi fulani, na mshiko uliotumika kuzuia haubaki kwa ajili ya kona. Mapya yaliyokuwa mbele, yenye kashata nzima za milimita 8 hivi, yalikuwa hayajaombwa hata nusu ya uwezo wao. Yaliikata kona vizuri sana. Yaliikata vizuri kiasi kwamba pua iliingia ndani ya kona kwa kasi ambayo nyuma hakukuweza kuifuata.

Ndiyo kusema, gari lingekuwa salama zaidi kama lingebaki na vipara vinne. Ni neno zito, lakini ndivyo lilivyo: vipara vinne vingemtisha dereva tangu Nyandira, pua ingegoma kwenye kona ya kwanza, naye angepunguza. Mapya ya mbele yalimdanganya kupitia usukani kwamba barabara inashika.

Matairi ya nyuma yanastahili kuangaliwa kwa karibu. Ubavuni, mwisho wa maandishi ya DOT, kuna tarakimu nne: 3814. Wiki ya 38 ya mwaka 2014. Usoni, katikati ya kila tofali la kashata, kuna vichanjo vyembamba vya nyokanyoka, vingi, vimekaribiana. Hayo ni matairi ya theluji kutoka Japani, yaliyokuja kwa mtumba. Mpira wake umetengenezwa uwe laini kwenye baridi ya kugandisha, na vile vichanjo ni vya kuuma barafu. Kwenye joto la Morogoro mpira huo unakuwa mlaini kupita kiasi, matofali ya kashata yanajipinda kila gari linapokata, na dereva anahisi mkia unaelea hata barabara ikiwa kavu. Ukiongeza umri, mpira uleule unakakamaa na kupasuka nyufa. Sasa kashata zimebaki milimita 2 hivi. Sheria za Ulaya zinaruhusu mpaka milimita 1.6, lakini zimeandikwa kwa ajili ya lami. Kwenye udongo mwekundu wa Uluguru, mifereji ya milimita 2 inajaa tope kabla gurudumu halijazunguka mara moja, na kuanzia hapo tairi ni laini kama bomba.

Safu hii imelipigia kelele suala la umri wa tairi kwa miaka, na italipigia tena. Uchunguzi wa ajali iliyomuua mwigizaji Paul Walker huko California, Novemba 2013, ulisema sababu kuu ilikuwa mwendo, lakini ukaeleza pia kwamba matairi ya Porsche Carrera GT ile yalikuwa na miaka 9 na kwamba jambo hilo lingeweza kuathiri namna gari lilivyotulia. Gari la thamani ile, la watu wenye uwezo ule, na bado hakuna aliyesoma tarakimu nne za ubavuni. Banda la matairi lina taa ya kutosha. Zisomeni.

Wanaotaka ushahidi wa nyuma kuisha kabla ya mbele, ushahidi mkubwa kuliko wote ulionyeshwa dunia nzima tarehe 7 Oktoba 2007, Shanghai. Lewis Hamilton, msimu wake wa kwanza Formula One, alikuwa anaongoza ubingwa kwa pointi 12 dhidi ya Fernando Alonso, mbio zikiwa zimebaki mbili. Alianza na matairi ya mvua nyepesi, njia ikaanza kukauka, nayo McLaren ikamwacha nje mzunguko baada ya mzunguko. Kwenye televisheni tairi la nyuma lilionekana limekwisha hadi nyuzi. Alipoitwa hatimaye, kona ndogo ya kuingilia gereji ilimshinda, akateleza mpaka kwenye kokoto na kukwama hapo. Wiki mbili baadaye Kimi Räikkönen alitwaa ubingwa kwa pointi 110, Hamilton 109. Timu yenye wahandisi wengi na vipimo vya kila kitu iliyatazama matairi ya nyuma yakiisha ikasema yatafika. Mwenye Noah hakuwa na wahandisi wala vipimo, naye aliamua vilevile.

Michelin na kampuni nyingine kubwa za matairi zimekuwa zikielekeza jambo hili kwa miaka mingi: anayenunua mawili, mapya yaende nyuma, gari liwe la kuvuta kwa mbele au kwa nyuma. Yaliyokuwa nyuma, kama bado yana uhai, yahamie mbele. Kazi hiyo ni ya jeki na spana, haizidi nusu saa.

Kuna kosa jingine lililofichwa ndani ya hilihili. Mapya yaliyonunuliwa ni 195R14C, tairi la gari la mizigo, lenye namba 106: kila moja limeruhusiwa kubeba kilo 950. Yaliyobaki nyuma ni ya gari dogo la abiria, namba 91, kilo 615 kila moja. Hesabu si ngumu. Mhimili wa nyuma, unaobeba matenga na viti viwili vya abiria, uliachiwa kilo 1,230, na mhimili wa mbele usio na mzigo ukapewa kilo 1,900. Zaidi ya uzito, tairi la C lina ubavu mgumu unaosimama wima gari likikata kona. La abiria likizidiwa linakunjika ubavu, bodi inalala, na dereva anasema springi zimechoka. Wangapi wamebadilisha springi wakati ugonjwa uko kwenye namba mbili zilizoandikwa ubavuni?

Na upepo. Kijana wa pampu anaulizwa "weka ngapi?" na jibu ni moja kwa matairi yote manne, gari tupu au limesheheni. Gari la kubeba kabichi linataka upepo mwingi zaidi nyuma, kama kibandiko cha kwenye nguzo ya mlango kinavyosema, na linataka upimwe asubuhi tairi likiwa baridi, kwa kuwa kila nyuzi 10 za joto zinaubadilisha upepo kwa karibu psi 2. Marekani ililipa gharama kubwa ya kulidharau jambo hili mwaka 2000, Firestone iliporudisha matairi milioni 6.5, mengi yakiwa yamefungwa kwenye Ford Explorer. Matairi yenyewe yalikuwa na kasoro, lakini Ford ilikuwa imewaelekeza wateja wajaze psi 26 tu, na tairi lenye upepo mdogo, mzigo mzito na joto linachemka kwa ndani mpaka linabanduka tabaka.

Waliokulia Mgeta wanakumbuka Land Rover 109 zilizokuwa zikipanda huko kabla Noah hazijazaliwa. Zilikwenda na tairi la 7.50-16: refu, jembamba, gumu, kashata nene. Hakuna aliyelitazama akaliona zuri. Lakini udongo wa barabara ile si tope lisilo na kina. Ni utando wa utelezi juu ya jiwe na ardhi ngumu, na tairi jembamba lenye uzito juu yake linaukata utando huo na kukanyaga kilicho chini. Tairi pana linapanda juu ya utando na kuelea. Leo vijana wanafunga kwenye Hilux matairi mapana yanayotoka nje ya bodi, ringi zinang'aa, halafu mvua ikinyesha wanavutwa na Land Cruiser ya 7.50R16 iliyopauka rangi. Fedha ya ringi zile ingenunua matairi manne yenye kashata za kweli na ya tano ya spea.

Wazee wa Safari Rally walilijua hili kwa mifupa yao. Bert Shankland, dereva wa Dar es Salaam, aliibeba Safari mara mbili mfululizo, 1966 na 1967, pamoja na Chris Rothwell, kwa Peugeot 404: gari la familia, la kuvuta nyuma, tairi jembamba, wakati mashindano yakipita Kenya, Uganda na Tanzania kwa maelfu ya kilomita. Nick Nowicki alishinda 1963 na 1968, tena kwa 404, na katika kila mwaka kati ya hiyo miwili yalimaliza magari 7 tu. Mwaka 1968 yalikuwa yameanza 93. Joginder Singh alishinda 1965 kwa Volvo PV544 ambayo haikuwa hata mpya. Hawakuwa na vifaa vya kielektroniki vya kuusaidia mkia ubaki nyuma. Ukiwa na gari la kuvuta nyuma, kwenye tope la usiku, bila msaada wowote, unajifunza kuyalinda matairi ya nyuma kuliko macho yako. Madereva wa rali wa leo ni hodari, hilo halina ubishi, lakini wanaendesha magari ya kuvuta kwa matairi yote manne, na kizazi kinachowatazama kimesahau kwamba kuna mhimili wa nyuma.

Haiwezekani kuandika habari za matairi Tanzania bila kuitaja General Tyre ya Arusha. Kiwanda kile, cha serikali kwa asilimia 74 na Continental ya Ujerumani kwa asilimia 26, kilitengeneza matairi ya barabara hizi hizi, na muuzaji alikuwa na mtu wa kumuuliza. Kikasimama mwishoni mwa miaka ya 2000, na ahadi za kukifufua zimekuja na kupita. Kenya nako, Sameer iliyotengeneza Yana ilifunga uzalishaji Nairobi mwaka 2016. Tangu hapo soko ni kontena. Tairi la theluji la Hokkaido linafika Msamvu, Morogoro, bila hata mtu mmoja njiani kusema kwamba halikukusudiwa mlima wa Uluguru. Hasara ya kufungwa kwa viwanda vile inahesabiwa kwa ajira, na ni sawa, lakini tulipoteza pia ujuzi wa nani afunge nini wapi.

Kuna pingamizi moja la haki. Kwenye Noah mpya zaidi, zile za kuvuta mbele, na kwenye IST na Spacio, matairi ya mbele ndiyo yanayokwisha haraka: yanavuta, yanazuia, yanakata. Mwenye gari anauliza, kwa nini nipeleke mapya nyuma ambako hayatumiki, na mbele ninakokula mpira niweke makuukuu? Kwa sababu ulaji wa mpira ni suala la fedha na mkia ni suala la roho za watu. Fedha ina dawa yake, nayo ni kuyahamisha matairi mbele na nyuma kila kilomita 8,000 hadi 10,000 ili manne yaishe pamoja na yanunuliwe pamoja. Ambaye kashata zake za nyuma zimebaki nzuri na za mbele zimekwisha hajawahi kuyahamisha, na hapo lawama si ya tairi. Na pale ambapo makuukuu hayafai hata kwenda mbele, kama yale ya 3814, hakuna mahali pa kuyaweka. Gari linasubiri fedha ya mengine mawili.

Noah ile imeshanyooshwa bampa na imerudi barabarani. Taa ni mpya. Matairi mapya bado yako mbele, na ya theluji bado yako nyuma. Abiria wanaoipanda stendi wanaweza kuinama na kuona wenyewe. Masika hayajaisha. Mwenye gari anahitaji kutafuta mawili mengine ya 195R14C ayafunge nyuma wiki hii, na mpaka ayapate, aiegeshe. Kuyahamisha yaliyopo hakutoshi, kwani yale ya namba 91 hayakustahili kubeba mzigo wa Mgeta tangu siku yaliponunuliwa.